Bloki moja ya kitambaa kwenye foire: vipimo, juri, na swali la nani alishona

Kila mwaka, kati ya mwezi wa 7 na wa 10, majimbo mengi ya Marekani yanafungua maonyesho yao makubwa, ile sisi tunaita foire. Ya kwanza ya jimbo zima ilifanyika Syracuse, jimbo la New York, mwaka 1841. Ilikuwa shughuli ya wakulima: mtu analeta ng'ombe wake, mwingine mahindi yake, watu wanapima na kusema ya nani imepita. Mpaka leo ng'ombe wako, mahindi yako, na michezo ya watoto na nyama ya kukaanga imeongezeka. Lakini ingia ndani ya majumba, utakuta upande wa kazi za mikono: konfitire, mikate, sweta, vitambaa vya kudarizi, na blanketi za vipande vya nguo. Kila kitu kimeletwa na mtu wa kawaida, na kila kitu kimepita mbele ya juri.

Habari hii inatugusa kwa sababu 2. Ya kwanza ni ndugu zetu. Wakongomani wengi wa mashariki wamepelekwa Marekani kama wakimbizi miaka hii, na wengi wao wanakaa kwenye miji yenye foire kubwa: Louisville, ambako foire ya jimbo la Kentucky inafanyika mwezi wa 8, Des Moines, ambako foire ya Iowa inapokea watu zaidi ya milioni 1 kwa siku 11, na Dallas, ambako ile ya Texas inaanza mwisho wa mwezi wa 9. Sababu ya pili iko hapa hapa. Pita kwenye soko ya Kenya ao soko Mzee Kabila, angalia chini ya meza za mafundi wa kushona. Yale mabaki ya kikwembe yanayofagiwa kila jioni, kule njo vitu vya kushindania.

Bloki ni nini

Wamarekani wanasema kwilti. Ni blanketi ya tabaka 3: juu kuna uso wa vipande vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu sindano inapita tabaka zote ili zishikane. Uso ule wa juu haushonwi kwa mara moja. Mtu anashona kwanza mraba mmoja wenye sura yake, nyota, nyumba, vikapu, pembetatu zinazozunguka, halafu mraba mwingine, mpaka inafika hesabu ya kitanda. Kila mraba unaitwa bloki.

Kwilti nzima inaomba miezi, mara nyingine miaka. Bloki inaomba jioni 1 ao 2. Njo maana foire nyingi na vyama vya washonaji vikaweka mashindano ya bloki peke yake, ili hata mtu anayeanza aweze kuingia bila kununua metre 10 za kitambaa. Bloki inaingia ndani ya bahasha. Hakuna pamba, hakuna tabaka ya chini, ni uso tu. Mara nyingi wenye foire wanaweka sharti moja la kufurahisha: wanachagua kitambaa fulani na kusema kila bloki lazima iwe na kipande chake kinachoonekana. Watu 50 wanapewa kitambaa kile kile, wanarudisha vitu 50 visivyofanana hata kidogo.

Kabla ya kushika sindano, mtu anasoma kitabu cha masharti. Kila foire iko na chake, kinatoka kila mwaka, na cha jirani hakikusaidii. Mule kumeandikwa nani anaruhusiwa (wengi wanadai uwe mkaaji wa jimbo), siku ya mwisho ya kujiandikisha, siku ya kuleta kazi, ambazo mara nyingi ni tarehe 2 tofauti, kipimo, aina ya kitambaa, na kama kuna makuta ya kulipa. Kuna mstari mmoja pale ambao watu wanauruka: bloki itaenda wapi nyuma ya mashindano? Mara nyingi hairudi. Inabaki kwa wenye foire, inaunganishwa na zingine, kwilti inayotoka inauzwa ao inatolewa kwa watu wenye shida. Kwengine mshindi anapewa bloki zote za wenzake. Kama umeshona na kitambaa cha marehemu mama yako, soma mstari ule mara 2.

Zawadi yenyewe si ya kujenga nyumba. Kwa kazi ndogo kama bloki ni dolare chache na utepe. Rangi ya utepe ina maana: kwa Marekani bluu ni wa kwanza, nyekundu wa pili, nyeupe wa tatu, na zambarau mara nyingi inawekwa kwa ile iliyopita zote. Foire zingine zinashindanisha kazi moja na nyingine, kwa hiyo wa kwanza ni mmoja tu. Zingine zinapima kila kazi peke yake kufuatana na kiwango, hapo watu 5 wanaweza kurudi wote na bluu, na kama hakuna kazi nzuri hakuna anayeipata. Sisi tunaona namna hii ya pili ni ya haki zaidi kwa mtu anayejifunza, hata kama haileti makelele mengi.

Milimetre 6 zinazoangusha watu

Fundi wa Lubumbashi anajua kukata suruali bila kuandika, kwa macho na kwa mkono. Kwa bloki, kipaji kile kinaweza kumtupa nje. Mashindano ya Marekani yanapima kwa inchi, na kipimo kinachopatikana sana ni inchi 12 kwa 12 ikishaunganishwa. Inchi 12 ni sentimetre 30 na nusu, siyo 30. Kabla ya kuunganishwa, bloki lazima ibaki na ukingo wa kushonea pande zote 4, robo ya inchi kila upande, kama milimetre 6. Kwa hiyo bloki unayopeleka inapaswa kuwa na inchi 12 na nusu, sentimetre 31.75. Mtu anayekata 30 juu ya kurahisisha hesabu anapoteza karibu sentimetre 2, na kazi yake haitafika hata kwenye meza ya juri.

Tuchukue sura nyepesi kuliko zote, ile ya miraba 9, mistari 3 ya vipande 3. Kila mraba ukishashonwa uwe inchi 4, kwa hiyo unaukata inchi 4 na nusu, sentimetre 11.43. Sasa angalia. Kwa kila mstari kuna mishono 2, na kila mshono unakula kitambaa pande zake 2. Ukishona na ukingo mnene kwa milimetre 1 tu kuliko inavyotakiwa, mara 2 kwa kila mshono, mara mishono 2, umepoteza milimetre 4. Na nyota yenye vipande 24 ni mbaya zaidi. Kwa hiyo wamama wenye uzoefu wanashona kwanza vipande 2 vya majaribio, wanapima, wanasahihisha sindano, halafu wanaanza kazi.

Kitambaa nacho kina mambo yake. Wax ya kweli ni pamba, na pamba njo wanaomba. Lakini sokoni kuna vitambaa vingi vyenye maua ya wax na ndani ni nailo. Chomoa nyuzi 1, ichome na kiberiti. Pamba inanukia kama karatasi inayoungua na inaacha jivu laini. Nailo inayeyuka, inakuwa tone gumu. Kikwembe kipya kina wanga wa kiwandani, na bluu nzito na nyekundu zinatoa rangi. Fua kila kipande peke yake na maji baridi mpaka maji yawe safi, anika kwenye kivuli, piga pasi, njo ukate. Usikate karibu na ule ukingo mgumu wenye jina la kiwanda: umebanwa kuliko sehemu nyingine na bloki itapinda ikifuliwa. Fuata nyuzi za kitambaa. Kipande kilichokatwa mshazari kinavutika kama mpira, na pembetatu zote zina upande mmoja wa mshazari, kwa hiyo pembetatu hazivutwi na mkono hata kidogo.

Maua makubwa ya wax ni shida nyingine na pia ni utajiri. Ndege mzima wa kikwembe haingii ndani ya mraba wa sentimetre 10. Ukikata ovyo unabaki na bawa moja na nusu ya jicho. Wengine wanakata tundu la kipimo kile kile ndani ya katoni, wanalitembeza juu ya kitambaa mpaka wanapata sura wanayotaka, wanaweka alama. Kitambaa kingi kinapotea. Lakini bloki inayotoka pale, mtu wa juri anayeshinda siku nzima akiangalia maua madogo madogo atasimama.

Pasi ya makala inafanya kazi vizuri, hata ile yenye kuja kwa mbabula siku umeme unakatika, sharti moja tu: weka kitambaa safi juu, majivu yasianguke. Bloki inabanwa na pasi kutoka juu kwenda chini. Kuburuza pasi kunapindisha miraba.

Juri inaangalia nini

Kwanza wanaiangalia kwa mbali, ikiwa imelazwa ao imebandikwa ukutani pamoja na zingine. Rangi zinasemezana? Sura inaonekana ao imezama ndani ya maua? Pale njo kikwembe kinaangusha watu: ukiweka wax 5 zenye maua makubwa pamoja, nyota haionekani tena. Kitambaa 1 cha rangi moja, nyeupe ao nyeusi ao nyekundu, kinawapa wengine nafasi ya kupumua.

Halafu wanaikaribia. Pembe za vipande zinakutana ao zinapishana? Ncha ya nyota imekatwa na mshono? Bloki ni mraba ao imelala upande? Wanaigeuza. Nyuma ya bloki inasema ukweli wote: nyuzi zilizoachwa zinaning'inia, mishono iliyofunguliwa na kurudiwa, ukingo mnene hapa mwembamba pale, kitambaa cheusi kinachoonekana kupitia cheupe. Kwa kazi ya mkono wanahesabu usawa wa mishono kuliko udogo wake. Wanatafuta pia alama za kalamu, madoa, unywele, na harufu. Ndiyo, wananusa. Bloki iliyokaa juma zima karibu na mbabula inabeba moshi wa makala hata kama macho hayauoni, na vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia kwenye nyeupe na halitoki. Wakati haushoni, ifunge ndani ya kitambaa safi, siyo ndani ya sashe la plastiki linaloshika unyevu.

Kwa foire nyingi mtu wa juri anaachia mwenye kazi maneno machache yaliyoandikwa. Karatasi ile, kwa maoni yetu, inapita utepe. Utepe unasema umekuwa wa ngapi. Karatasi inasema pembe ya tatu imepotea milimetre 2.

Jina juu ya kazi

Sasa tufike kwenye jambo zito. Wakati wa kupima, jina la mshonaji linafichwa, bloki inabeba namba tu. Lakini kwenye karatasi ya kujiandikisha mtu anaweka sahihi kwamba kazi ni yake. Tuchukue mfano unaoweza kutokea kwa familia nyingi: mama anashona Katuba, mutoto wake anakaa Louisville, bloki inapita na msafiri, mutoto anaiingiza kwa jina lake. Wote ni damu moja, ubaya uko wapi?

Ubaya wake ulionekana wazi miaka mingi iliyopita, tena na mtu wa jimbo lile lile la Kentucky. Mwaka 1933, Chicago ilifanya maonyesho ya dunia, na duka kubwa la Sears likatangaza mashindano ya kwilti. Zawadi kubwa ilikuwa dolare 1,000. Ulikuwa wakati wa njaa na ukosefu wa kazi, dolare 1,000 ilikuwa mali ya ajabu. Kwilti zaidi ya 24,000 zililetwa. Hakuna mashindano ya kwilti yaliyojulikana zaidi ya yale. Masharti yalisema kazi iwe ya mikono ya yule anayeileta. Aliyeshinda alikuwa Margaret Rogers Caden wa Lexington, Kentucky, na kwilti yake ilikuwa nzuri kweli, nyota zenye mishono midogo inayofanana yote. Ikapewa Eleanor Roosevelt, bibi wa rais, na tangu pale haijulikani iko wapi.

Caden hakuishona. Alikuwa na duka la vitambaa vya kifahari, na kazi ilifanywa na wanawake wengine wa Kentucky aliowalipa mshahara wa kawaida wa kushona. Zawadi ilipokuja, wao hawakupata sehemu yake. Na hawakusema kitu. Walikuwa na lazima ya kazi ya kesho. Ukweli ulikuja kutoka nyuma ya miaka mingi, wakati watafiti wa historia ya kwilti walifuata nyuzi moja moja na kuzungumza na familia.

Kwetu tunajua sura ya habari hii bila kufika Chicago. Patrone ana atelie, vijana na wadada 6 wanainama juu ya mashini, nguo inatoka na jina la patrone, na kwenye defile anayesimama kupigiwa makofi ni yeye. Kwa biashara mtu anaweza kubishana: yeye analipa nyumba, umeme, nyuzi. Kwa mashindano ya kazi ya mkono hakuna cha kubishana, juu kitu kinachopimwa ni mkono wenyewe. Kwa hiyo jibu kwa yule mama wa Katuba na mutoto wake ni hapana, siyo kwa jina la mutoto peke yake. Kuna njia zingine. Mashindano mengine yanapokea kazi za watu 2 ao za kikundi, pale majina yote yanaandikwa. Mengine yanapokea watu wa nchi yoyote, mama aingie mwenyewe na mutoto awe mpokeaji wa barua tu. Ao mama amutumie mutoto vipande vya kikwembe vilivyofuliwa, amufundishe kwa simu, na mutoto ashone mwenyewe. Bloki itakuwa mbaya mwaka wa kwanza. Si kitu.

Kuna mama mwingine ambaye jina lake halikupotea, na inafaa kujua kwa nini. Harriet Powers alizaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886 alionyesha kwenye foire ya pamba ya muji wa Athens kwilti yenye picha 11 za Biblia, watu na wanyama waliokatwa kwenye kitambaa na kushonwa juu ya kingine. Wataalamu wengi wamelinganisha namna ile na vitambaa vya Wafon wa Benin ya leo. Mwalimu wa sanaa anaitwa Jennie Smith aliiona, akataka kuinunua, Powers akakataa. Mwaka 1891 shida ilibisha mlangoni, Powers akamupelekea. Akaomba dolare 10. Akapewa 5. Kabla ya kuondoka akaeleza picha moja moja ina maana gani, na Smith akaandika. Baadaye Powers alirudi mara kadhaa kuiangalia kwilti yake kwa nyumba ya mwingine. Leo iko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, na jina lililoandikwa pale ni la Powers. Dolare 5 zilikuwa wizi karibu. Lakini yale maandishi yaliokoa jina.

Kazi ya vipande si ngeni kwa Kongo

Mtu asifikiri kuunganisha vipande ni jambo la wazungu. Wakuba wa Kasai, upande wa Mweka na Mushenge, wanafanya kazi ya namna ile tangu zamani, na vitambaa vyao viko kwenye makumbusho ya London na Tervuren. Wanaume wanafuma rafia. Urefu wa jani la mtende njo unaamua ukubwa wa kitambaa, hakipiti metre 1 hivi, kwa hiyo nguo kubwa haiwezi kutoka bila kuunganisha. Nguo ya wanawake ya sherehe inaweza kuwa na metre 6 na zaidi, inazungushwa kiunoni mara nyingi, na kila kipande kinaweza kuwa na mkono wake: mama huyu amedarizi hiki, dada yake kile, mtoto wa ukoo kingine. Wanadarizi bila kuchora mbele. Mabaka mengi yaliyoshonwa juu yanasemekana yalianza kwa kufunika matundu, juu rafia inapondwa ili ilainike na kuponda kunaitoboa. Tundu likafunikwa, baka likapendeza, watu wakaanza kuweka mabaka hata pasipo tundu. Mchoraji Henri Matisse wa Ufaransa alibandika vitambaa vya Kuba kwenye kuta za chumba chake cha kazi.

Tena hapa Lubumbashi sindano ina historia yake. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilipoanza kutaka mfanyakazi akae kambini na bibi na watoto, foyer za wamama zilifunguliwa, na pale walifundishwa kushona, kufuma sweta na kudarizi. Gécamines iliendelea na foyer zile. Mafundisho yale yalikuwa na mipaka yake, mzungu alitaka mama wa nyumba wa namna anayopenda yeye. Lakini koko na tate wengi wa Kamalondo na Lubumbashi kambini walitoka pale na mshono ulionyooka, na mpaka leo vitambaa vyao vya meza vinaonekana kwenye salo za watoto wao.

Kuyafanya hapa

FIKIN ya Kinshasa inajulikana kwa biashara na muziki, na hapa kwetu maonyesho makubwa ya kila mwaka, DRC Mining Week, ni ya mashini na makampuni ya madini. Mashindano ya bloki hayaombi kungoja mtu aongeze meza pale. Parokia, kikundi cha wamama wa komini, ao shule ya kushona inaweza kuyaanzisha na salo 1 na meza 3.

Kitambaa cha lazima kipo tayari: kikwembe cha tarehe 8 mwezi wa 3. Kila mwaka wamama wanashonesha, kila mwaka mabaki yanabaki. Kila anayeingia apewe kipande kile kile, sentimetre 25 kwa 25 kinatosha. Kipimo kiwe cha sentimetre ili watu wasipotee: bloki iliyokatwa 32 kwa 32, ukingo sentimetre 1 kila upande, itabaki 30. Mashini na mkono zipimwe mbali mbali. Sekretere mmoja anapokea, anatoa namba, anafunga daftari la majina ndani ya bahasha mbele ya watu. Juri iwe ya watu 3, na asiwemo mwalimu wa yeyote aliyeingia, wala patrone wa yeyote. Mtu asaini kwamba alikata na kushona mwenyewe, ao aandike aliyemusaidia na alimusaidia wapi. Swali la bloki itaenda wapi lisemwe siku ya kwanza, kwa sauti, siyo siku ya kufunga.

Kila aliyeingia arudi na maneno ya juri, hata mistari 3. Na picha ya bloki ipigwe pamoja na mwenyewe akiishika, jina, mtaa na tarehe ziandikwe nyuma.

Wakiingia watu 42, bloki 6 kwa 7 zinatoa uso wa metre 1.80 kwa metre 2.10, kitanda kizima. Kama hakuna pamba ya kuweka katikati, blanketi ya zamani iliyofuliwa inafaa. Majina 42 yadariziwe kwenye kitambaa cha chini, kila jina nyuma ya bloki yake. Kikundi kikianza kukusanya mabaki kati ya mwezi wa 3, kinaweza kuwa kimemaliza mbele ya baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, wakati usiku wa Lubumbashi unashuka chini ya digri 10, na swali linalobaki ni nani atalala nayo wa kwanza.